Gari la Baba na Daftari Lake

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi hapa Moshi, huenda umekwisha kuniona. Jumamosi asubuhi, wakati wenzangu wanakwenda sokoni au wanapumzika baada ya juma zima la kazi, mimi huwa nimelala chali chini ya gari la rangi ya maziwa, miguu tu ikionekana, na watoto wangu wawili wamechuchumaa kando wakinipokeza spana. Gari hilo ni Peugeot 404 lililotoka kiwandani mwaka 1967. Majirani huliita mkweche. Sijapata kukasirika kwa jina hilo, maana akipenda, chongo huita kengeza.

Leo nataka kukusimulia jinsi mapenzi hayo yalivyokaribia kuniangamizia familia. Sisimulii kwa kujisifu. Nasimulia kwa sababu najua wapo wengi wenye gari kuukuu, au pikipiki, au hata baiskeli ya kumpeleka mtoto shuleni, ambao huenda wanafanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Gari hili ni urithi. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa mwaka 1966 na tena mwaka 1967 na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mara zote mbili waliendesha 404. Marehemu baba yangu alikuwa mwanafunzi wakati huo, naye alizisikia habari hizo redioni. Alipokwisha kuwa mwalimu, mwaka 1974, alichukua akiba ya mshahara wake, akaongeza fedha za kahawa alizopewa na babu kutoka katika kihamba chetu cha Marangu, akanunua gari hili likiwa limekwisha tumika miaka saba.

Mafundi wa zamani walilipenda, na sababu zao hazikuwa za mapambo. Silinda zake ni kama vikombe vinavyochomoka katika injini: vikilika, fundi huvitoa na kutia vingine bila ya kuchonga injini nzima. Injini imelazwa upande, na feni yake hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto. Lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, nayo haistahimili joto lililopita kiasi. Injini ikichemka, hedi hupinda na gasketi huungua. Jambo hili si dogo kwa mtu wa Kilimanjaro. Kutoka Moshi mjini, ambako ni mita mia nane na zaidi juu ya usawa wa bahari, hadi lango la Marangu, ambako ni zaidi ya mita 1,800, gari hupanda zaidi ya mita elfu moja katika safari ya kama saa moja tu.

Baba alipofariki, miaka sita iliyopita, nililikuta gari limesimama chini ya mgomba, tairi zimekaa chini na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nikaapa kulifufua. Nilifungua injini kwa msaada wa fundi mmoja mzee mwenye gereji mtaa wa Majengo. Tulibadili pistoni na ringi, tukasafisha kabureta, tukaziba rejeta. Nikalipiga rangi. Nikashonesha viti upya. Nikang'arisha bampa hadi mtu aweze kunyolea ndevu mbele yake. Fundi aliniambia, "Mwanangu, sasa tuje kwenye breki." Nikakanyaga pedali, nikaiona ngumu na imara. Nikamjibu kwamba breki ni nzima, na fedha zilizobaki zikaenda kwenye rangi.

Desemba iliyopita, kama ilivyo desturi ya watu wa kwetu, tulipanda Marangu kula Krismasi. Unaijua hali ya barabara siku zile: magari kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi yanafuatana kama siafu. Gari la baba lilipanda vizuri. Nilijaa fahari, hasa vijana waliposimama kando ya njia kulipiga picha.

Tarehe 27 tukaanza kuteremka. Mbele nilikaa na mke wangu. Nyuma walikaa watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa anakuja kwetu mjini kwa matibabu ya macho. Buti ilibeba mikungu mitatu ya ndizi na gunia la maharage. Kutoka Marangu Mtoni hadi Himo barabara inateremka mfululizo, na mbele yetu ulikuwapo msururu wa magari. Nikawa katika gia ya nne, gia ya mwendo wa tambarare, huku mguu wangu haubanduki kwenye breki.

Mtoto wangu wa kike ndiye aliyetangulia kugundua. "Baba, kunanuka kama pasi iliyoungua." Nikamwambia ni magari ya mbele. Hatukwenda mbali, nikahisi pedali inalainika. Nikakanyaga tena; ikashuka hadi sakafuni kama kwamba chini yake hapakuwa na kitu.

Ndugu msomaji, sitaki kuyapamba yaliyofuata. Nilirudisha gia hadi ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele. Nikavuta breki ya mkono. Basi dogo la abiria lililokuwa mbele yetu likazidi kukaribia, hata nikaweza kusoma maandishi ya kioo chake cha nyuma. Nikalitoa gari barabarani upande wa kushoto, likaparamia tuta la majani pembeni ya shamba la migomba, likazimika. Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa amewakumbatia wajukuu wake wote wawili, nao hawakulia. Wao walikuwa wakinitazama mimi.

Na hapa ndipo penye jambo linalonisumbua kuliko ajali yenyewe. Baada ya nusu saa nilikanyaga pedali tena, nikaikuta ngumu na imara kama mwanzo. Nikasema, "Imerudi. Tunaweza kuendelea polepole." Mke wangu alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Upendo, gari hili umelitengeneza au umelipamba?" Kisha akawashika watoto mikono, akamwongoza mama, wakasimamisha basi. Mimi nilibaki na gari langu lenye bampa la kung'aa hadi fundi alipokuja kulivuta.

Fundi yule hakunilaumu. Alinieleza tu. Mafuta ya breki yana tabia ya chumvi: hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, hata kama kopo lake limefunikwa. Mafuta ya kawaida ya daraja la tatu, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakisha kuingia unyevu, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Dereva anayeteremka mlima huku amekalia breki huzichoma ngoma za magurudumu, na joto lile huingia kwenye mafuta. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Kwa hiyo mguu hukanyaga mvuke, na magurudumu hayasikii. Magari mengi ya miaka ile yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo yote hupotea kwa pamoja. Yakipoa, pedali hurudi, na mwenye gari hudanganyika kwamba hakuna ubaya.

Usiku ule sikulala. Nilifungua sanduku, nikatoa daftari la baba, daftari la shule lenye jalada gumu, ambamo aliandika habari za gari hili tangu mwaka 1974. Nilikuwa nimelihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni kama kumbukumbu. Nilikuwa sijapata kulisoma.

Hamna humo hata mstari mmoja juu ya rangi. Kila mwaka, mwezi wa Januari au Februari, maneno ya kwanza ni yale yale: "Mafuta ya breki yamebadilishwa." Nikafika mwaka 1983. "Februari 12. Mafuta ya breki yamekuwa meusi. Mapya hayapatikani Moshi wala Arusha. Gari limesimama." Baada ya hapo hakuna neno hadi Agosti: "Limepatikana kopo moja. Yamebadilishwa. Gari limetoka."

Asubuhi nikamwuliza mama juu ya miezi ile sita. Akacheka. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea zilitafutwa kama dawa. Ilikuwa kabla ya mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mama alikuwa mja mzito wa dada yangu, na alikwenda kliniki kwa basi, akisimama, ilhali gari lilikuwa uani. Majirani walimcheka baba wakisema mwalimu ana gari la kutazamwa. "Hata mimi nilimnung'unikia," mama alisema. "Akanijibu, 'Mama Upendo wa kesho na keshokutwa watapanda gari hili. Leo halina breki.' Mwanangu, baba yako hakulipenda gari lile kama unavyolipenda wewe. Alilitumia, na aliliogopa."

Neno hilo limenikaa. Baba, zama za dhiki, alikubali kuchekwa kwa sababu ya kopo moja lisilopatikana. Mimi, ambaye kopo hilo linauzwa katika vituo vya mafuta ninavyopita nikienda kazini, sikuona haja ya kulinunua.

Basi, ewe mwenye gari kuukuu, naomba ujifunze kwa kosa langu. Badili mafuta ya breki angalau kila baada ya miaka miwili, na ukaaye milimani fanya kama baba, kila mwaka. Mwambie fundi afungue magurudumu na kutazama mipira ya silinda ndogo zilizomo. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na usubiri, na usidanganyike pedali ikirudi. Rejeta ikichemka, usimwagie maji baridi. Acha injini ipoe. Hayo yakisha kutimia, nenda ukanunue rangi.

Gari sikuliuza. Mke wangu aliweka sharti moja, kwamba hatapanda hadi nitakapomwonyesha maandishi. Jumamosi iliyofuata tulibadili breki zote: mipira, mabomba, mafuta. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mimi nilikuwa chini nikifungua na kufunga skrubu, na Upendo alikuwa juu kwenye kiti cha dereva, mguu wake ukiifikia pedali kwa shida. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mapovu yakatoka pamoja na mafuta meusi, kisha yakaja mafuta safi.

Tulipomaliza nilimpa daftari la babu yake ashike, nami nikaandika chini ya mwandiko wa baba: "Desemba 27. Breki zilipotea mteremko wa Marangu. Kosa ni langu." Chini yake nikaandika tarehe ya siku ile na maneno yale ya kila mwaka. Mke wangu akatoka jikoni, akasoma mistari yote miwili, akaingia garini bila ya kusema neno.