Kizingiti cha Sauti

Sisi tunaojifunza kuandika tumechoka kuambiwa, "Kijana, tafuta sauti yako." Wahariri wanasema, walimu wanasema, hata pale kijiweni mtu akisoma shairi lako atakwambia halina sauti. Basi, ndugu msomaji, leo nakuletea habari za mashine zinazoitafuta sauti yako kwa bidii kuliko wewe mwenyewe. Zikiipata zinaigeuza namba, na kwa namba hizo mtu anaweza kuamua kama wewe ni wewe.

Tuanze na mwili. Pumzi inatoka mapafuni, inapita kooni kwenye nyuzi za sauti. Nyuzi zinatikisika: za mwanamume mzima mara mia na ushee kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200, za mtoto zaidi ya hapo. Mtikisiko huo ukifika mdomoni na puani unapewa umbo. Ulimi ukipanda, midomo ikiviringwa, ndiyo tunapata i, tunapata u. Kwa hiyo ndani ya sauti moja kuna habari mbili zilizofungwa pamoja: nini kinasemwa, na nani anasema.

Kompyuta inalifunguaje fundo hilo? Simu ya kawaida hupima wimbi la sauti mara 8,000 kila sekunde. Vipimo hivyo hukatwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 25, yaani sekunde moja uigawe mara arobaini. Kila kipande huchambuliwa kwa hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier, ambaye kitabu chake cha mwaka 1822 kilihusu joto wala si sauti! Hesabu hiyo hutenganisha mitikisiko ya chini na ya juu iliyomo ndani ya kipande. Halafu mtandao wa neva bandia, uliofunzwa kwa sauti za maelfu ya watu, hukusanya vipande vyote na kutoa safu moja ya namba. Katika njia moja maarufu iliyochapishwa mwaka 2018, namba hizo ni 512. Kwa mashine, hizo ndizo wewe.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye utata. Ukiipa mashine sauti mbili, haisemi "ni yeye" wala "siye". Inatoa alama tu, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Alama ya kufaulu anaiweka binadamu, na wataalamu wanaiita kizingiti. Ukikipandisha kizingiti, mwenye nyumba mwenye mafua anafungiwa nje. Ukikishusha, mwizi anaingia. Kwa mashine ileile huwezi kupunguza kosa moja bila kuliongeza jingine.

Tupige hesabu ya kufikirika. Tuseme mashine humkubali mtu asiyehusika mara 1 katika 100. Si mbaya, eti? Sasa polisi wana kanda ya mtu aliyepiga simu ya vitisho, nao wanailinganisha na sauti 10,000 walizohifadhi. Watu 100 wasio na hatia watagongewa mlango. Na kila mmoja ataambiwa, "Kompyuta imekutaja."

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1962 Lawrence Kersta, mhandisi wa Bell Labs kule Marekani, alitangaza kwamba mchoro wa sauti unamtambulisha mtu kama alama ya kidole. Michoro ya namna hiyo ikafika mahakamani, watu wakahukumiwa. Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi, iliyoundwa kwa ombi la FBI, ikatoa ripoti: ushahidi wa namna hiyo utumike kwa tahadhari kubwa, kama utatumika. Kidole hakilii, hakicheki, hakipati mafua. Sauti si alama iliyobandikwa mwilini. Ni tendo, nasi tunalitenda kila mara kivingine. Mimi mwenyewe sauti ninayoombea kazi siyo ninayobishania mpira.

Bibi yangu hana kompyuta. Nikimpigia simu na kusema, "Shikamoo bibi," marahaba yake huja na swali: "Mbona umepooza, mjukuu wangu, umekula?" Naye anasikia kupitia waya uleule wenye ubahili, simu za miaka mingi zilipitisha mitikisiko ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, ndiyo maana "sisi" huweza kusikika "fisi". Lakini bibi akitia shaka, anauliza. Jina la yule mbuzi wetu ni nani? Nami nina nafasi ya kujibu. Mbele ya kizingiti cha mashine, nafasi hiyo ya kujibu iko wapi?

Na mashine nayo husikia ilivyolelewa. Mwaka 2020 watafiti Marekani walizijaribu mashine tano za kuandika maneno yanayosemwa. Kwa Wazungu zilikosea kama maneno 19 katika kila 100; kwa Wamarekani Weusi, 35. Mashine iliyosikia watu wa aina moja zaidi inawaelewa hao zaidi. Jiulize basi Kiswahili cha Mtwara, cha Lamu, cha Bukavu kitapokelewaje. Ndiyo maana nawaheshimu vijana wanaojitolea kusoma sentensi zetu kwenye mradi wa Common Voice. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2023 Microsoft ilionyesha programu iitwayo VALL-E inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kumsikia kwa sekunde 3 tu. Sekunde 3! Hata "shikamoo bibi" inatosha kuianzishia safari.

Sheria zipo. Ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaja waziwazi sauti miongoni mwa taarifa za kimwili za kumtambulisha mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haimtetei asiyejua kwamba ana la kudai.

Vijana wenzangu, sisemi tuikimbie kompyuta. Nasema tuulize maswali matatu kila sauti ya mtu inapopimwa. Nani kaweka kizingiti, na kwa faida ya nani? Mashine ilifunzwa kwa sauti za kina nani? Na aliyekataliwa ataongea na nani? Tuyaulize kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo kondakta na mama lishe watayaelewa, kwa sababu sauti zinazopimwa ni zao pia. Kazi ya kuyaandika ni yetu, na wahandisi hawatatuandikia.