Mwembe wa Njiani, Visiga

Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akishaiacha Kibaha nyuma yake na kupita Kongowe na Misugusugu, hufika Visiga kabla hajaiona Mlandizi. Wengi huipita bila kugeuza shingo. Mimi nami niliipita hivyo kwa miaka mingi, ingawa huko ndiko alikozaliwa baba yangu, mpaka siku ndugu walipokubaliana kuuza shamba la ukoo.

Mnunuzi alikwisha kupatikana na mpima ardhi alikwisha kuchimbia bikoni mbili. Ndipo shangazi yangu, mzee aliyevuka miaka themanini, aliposimama katikati ya kikao akauliza, "Na waliolala humo, mmewauliza?" Hapakuwa na wa kumjibu, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua wamelala wapi. Mimi, kwa kuwa nilipata kuwa karani, nikatwishwa kazi ya kutafuta.

Kama ilivyo kawaida ya makarani, nilianzia kwenye karatasi. Nilijua kwamba babu mzaa baba aliachwa yatima wa baba akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kwamba baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza. Basi nikaenda kwanza kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Ni mahali patulivu, majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa safu kwa safu kama wanafunzi wa gwaride. Humo mna askari zaidi ya 1,700 wa Vita Kuu ya Kwanza. Nilipitia majina mchana kutwa. La mzee wetu halikuwamo.

Siku hiyo nilimkuta mgeni kutoka Ireland, mtu wa makamo, ameshika shada la maua. Alikuwa akimtafuta kaka wa babu yake, aliyefia nchini mwetu mwaka 1917. Alinieleza kwamba kwao kazi hiyo si nyepesi, maana nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliteketea mwaka 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vitabu vya karne nyingi vikageuka majivu. Watu wakabaki na vitabu vya ubatizo vya makanisa, mawe ya makaburini na vinywa vya wazee. Hata hivyo huyu alikuwa na kijikaratasi chenye safu na namba. Alikwenda moja kwa moja, akapiga goti. Baadaye nilimwambia kwamba makaburi haya yalianzishwa hapa mwaka 1968, yalipohamishiwa makaburi 660 kutoka Ocean Road ili kupisha barabara, na mengine yakaletwa miaka ya 1970 kutoka sehemu nyingi za nchi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba si neno, maadamu jina limehama pamoja na mifupa.

Maneno hayo yalinichoma. Jeshi la Waingereza liliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na waliokufa hukadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Mjini kwetu walichoachiwa ni sanamu ya Askari ya mwaka 1927 na jina la Kariakoo, palipokuwa kambi ya kikosi chao. Watu wangapi hununua mchicha pale kila siku wasijue kwamba wanataja jina la wapagazi!

Hata kabla ya vita hivyo mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1889 daktari mmoja wa Ireland, Thomas Heazle Parke, aliingia Bagamoyo pamoja na Stanley. Alikufa mwaka 1893, akazikwa kwao, na sanamu yake imesimama Dublin hadi leo. Miongoni mwa wapagazi zaidi ya 600 waliotoka nao Unguja mwaka 1887, waliorudi hawakutimia nusu. Makaburi yao ayajuaye ni Mungu.

Nikarudi kwa shangazi mikono mitupu. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeyamaliza makaratasi yako?"

"Nimeyamaliza."

"Basi nikodishie gari."

Twende Visiga basi, msomaji. Tuliacha lami, tukafuata njia ya mchanga hadi mwisho wa mikorosho. Watu wa hapo walihamia kijijini mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, na palipokuwa nyumba zao pakawa mahame. Mgeni angeona pori tu. Shangazi aliona mji. Alinyoosha fimbo: hapa kwa fulani, hapa kisima, pale palikuwa na mnazi ulioangukia jiko. Kila palipokuwa na mwembe mkubwa alisimama akataja aliyeupanda, na vijana tuliokwenda nao wakaacha kucheka.

Mwembe wa mwisho ulikuwa kando ya njia ya zamani iendayo Ruvu. Wazee husema huko ndiko lilikopita jeshi mwaka 1916, likielekea kwenye reli, na huko ndiko mzee wetu alikoondokea na wenziwe, kamba kiunoni. Mkewe aliambiwa angoje. Alingoja, hakuolewa tena, na alipokaribia kufa aliagiza azikwe hapo hapo njiani, "ili akirudi asinipite."

Tulifyeka kwa muda wa saa nzima. Kwanza likaonekana tuta lililobonyea, kisha kipande cha bakuli jeupe lenye maua ya buluu, maana zamani kaburi liliwekewa chombo cha marehemu. Shangazi alikaa chini mchangani, akalipangusa kwa upindo wa kanga yake. "Huyu ni bibi," akasema. "Mumewe msimtafute tena. Yuko Rufiji."

Ipo sheria ya mwaka 1969 juu ya kuhamisha makaburi yaliyo katika ardhi inayotakiwa kwa shughuli za umma. Lakini hapa haikutakiwa barabara wala reli. Palikuwa na sisi tu na haja yetu ya fedha. Baba mdogo alishauri bibi ahamishiwe makaburi ya kijiji. Shangazi hakumjibu. Aliuliza tu kama kule kuna njia inayotoka Rufiji.

Mnunuzi, nashukuru kusema, alikuwa mtu muungwana. Jumatatu iliyofuata mpima ardhi aling'oa bikoni moja akairudisha nyuma hatua ishirini na mbili, na bei ikapungua kwa kiasi hicho. Fundi wa Mlandizi ametuchongea kibao cha mninga. Shangazi ametaka kiandikwe majina mawili.