Mali Bila Daftari: Hesabu ya Hom Thieta ya Baba

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisikia kinywani mwa baba yangu kabla sijajua kushika kalamu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa na daftari la kila jambo: daftari la karo, daftari la mbolea, hata daftari la mayai ya kuku wa mama. Nilikua nikiamini kwamba maana ya methali hiyo naijua barabara. Katu haikunipitikia akilini kwamba siku moja ningeketi na daftari mapajani kukadiria gharama ya hom thieta kwa ajili yake yeye, wakati ambapo macho yake yalikuwa yamekwisha zima, na kwamba hesabu hiyo ingenidhihirishia kuwa methali nilikuwa nimeikariri tu.

Kabla sijafika huko, msomaji mpenzi, sina budi kuungama kosa la ujana wangu. Mnamo mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilipokea fungu la kwanza la mkopo wa masomo. Juma hilo hilo nilishika njia hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Mshindi huyo wa amani angalishangaa kusikia kelele za spika zinazoshindana pale kutoka duka hadi duka! Nikanunua mtambo wa spika tano na wufa moja, uliobandikwa karatasi inayong'aa yenye maandishi ya wati 3,000. Sikuwa na daftari. Nilikuwa na noti mfukoni na shangwe moyoni. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikiomba unga kwa wenzangu wa bwenini, na kabla ya muhula kwisha nikauuza mtambo ule kwa nusu ya bei. Nilimficha baba habari hizo kwa miaka mingi.

Baadaye nilikuja kujua kuwa hata zile wati 3,000 zilikuwa maneno matupu. Watengenezaji wengine huandika kipimo kiitwacho PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kutokea kwa mpepeso wa jicho, na kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa na wote. Kipimo cha kutegemewa ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Asiye fundi anaweza kuubaini ukweli kwa kugeuza mtambo na kusoma kibandiko cha nyuma. Ukikuta chombo kinavuta wati 60 za umeme ukutani, basi hakiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo, kama vile ndoo ya lita ishirini isivyoweza kumimina lita elfu. Isitoshe, kuongeza nguvu maradufu hakuongezi sauti maradufu: huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika nguvu takriban mara kumi. Kwa hivyo mnunuzi anayelipia wati nyingi aghalabu hulipia tarakimu.

Nirejee kwa baba. Ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho, ulimnyemelea pole pole. Uoni unaopotea kwa maradhi haya haurudi; dawa huweza tu kulinda uliosalia, nasi tulichelewa. Kufikia mwaka 2017 baba hakuona kitu. Nyumbani kwetu ni Kakamega, na sebuleni mlikuwa na televisheni ndogo iliyounganishwa na king'amuzi tulichokinunua mwaka 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa nchini. Baba aliacha kuingia sebuleni. Jioni watu walipokusanyika mbele ya picha, yeye alibaki jikoni au chumbani na redio yake ya betri. Mama hakulalamika, ila siku moja aliniambia kwa simu, "Mwanangu, baba yako amekuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga."

Maneno hayo yalinichoma kama msumari wa moto. Nikawaita ndugu zangu wawili, tukakubaliana kuchanga shilingi 60,000 ili tununue hom thieta. Mdogo wangu wa kiume aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: kipofu anahitaji sinema ya nini? Tukamkemea, ilhali ndilo lililokuwa swali la maana kuliko yote. Lau tungalilijibu siku ile, tungaliokoa muda mwingi.

Nikaandika makadirio ya kwanza. Televisheni ya inchi 43, shilingi 32,000. Mtambo wa spika tano na wufa, shilingi 20,000. Meza ya kuwekea, shilingi 5,000. Usafiri, shilingi 3,000. Jumla ikatimia bila kupungua wala kuzidi, nami nikajipongeza. Wanafunzi wa isimu watakumbuka kuwa neno bajeti tulilitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, ambao bougette yao ilikuwa kimfuko cha ngozi. Mfuko huonyesha kilichomo ndani. Hauonyeshi kinachohitajika nje. Hesabu yangu ilikuwa ya namna hiyo. Zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye kioo ambacho mwenye karamu asingekiona.

Desemba ya mwaka 2017, kabla ya kununua chochote, nilisafiri na mtambo wa kuazima ili tuujaribu. Utaratibu wa mitambo hii ni huu: spika mbili huwekwa mbele, kulia na kushoto, ya tatu huwekwa katikati, nayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya wahusika, mbili huwekwa ubavuni au nyuma ya wasikilizaji, na wufa hutoa zile ngurumo nzito. Nikazipanga zote, nikamwongoza baba hadi kwenye kiti chake cha zamani, nikaweka filamu. Mama akaketi kando yake akimsimulia yanayotendeka.

Dakika chache zilipita vizuri. Kisha, katika filamu, mlango ukalia nyuma ya mhusika, na sauti ikatoka katika spika iliyokuwa nyuma ya baba. Baba akageuka, akanyosha mkono, akasema kwa furaha, "Karibu! Karibu ukae."

Hakuna aliyecheka. Mama akamshika mkono akamnong'oneza kuwa ni filamu tu. Baba akaurudisha mkono pajani pole pole, na baada ya kitambo akasema amechoka, angependa kulala. Nilibaki nikizitazama zile spika mbili za nyuma kana kwamba nimezikamata zikiiba. Kwa mtu asiyeona, sauti ya nyuma ndiyo inayomjulisha nani ameingia, nani ametoka na mlango u wapi. Mimi nilikuwa nimemwekea nyumba yenye wageni wa uongo. Kile ambacho wauzaji hukiita utamu wa kuzungukwa na sauti, kwake kilikuwa kunyang'anywa ramani.

Kesho yake mvua ya Kakamega ikanyesha, kama ilivyo ada yake, alasiri. Sebule yetu ilikuwa ya bati tupu, haina dari. Nikapandisha sauti hadi mwisho, wapi! Maneno ya filamu yalizama katika kishindo cha bati kama kokoto mtoni. Hata mvua ilipokatika, sakafu ya saruji na kuta tupu zilirudisha mwangwi, silabi zikagongana. Hapo baba, aliyekuwa amesimama mlangoni bila mimi kujua, akaniuliza, "Umeandika wapi hesabu ya bati?"

Nikamsomea daftari langu kuanzia juu hadi chini. Akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa darasa la nne wakisoma majedwali. Nilipomaliza akasema, "Umeandika bei ya vitu. Andika kwanza nani atasikiliza, ameketi wapi, na kitu gani kinamzuia asisikie. Ukimaliza, bei zitajipanga zenyewe." Usiku ule nilimwambia pia habari za mtambo wa mwaka 2006. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe aliijua habari hiyo siku zote. Mjomba alikuwa amemwambia.

Makadirio ya pili yakawa haya. Televisheni mpya: hakuna, iliyopo yatosha. Dari ya sebule ya mita nne kwa mita tano, pamoja na mbao na ujira wa fundi, shilingi 28,000. Amplifaya na spika tatu za mbele, zote za mtumba lakini zimejaribiwa, shilingi 17,000. Zulia na mapazia mazito ya kunyonya mwangwi, shilingi 7,000. Kilinda umeme, maana umeme wetu hupotea na kurudi kwa kishindo, shilingi 2,500. Waya, shilingi 500. Usafiri, shilingi 2,000. Akiba ya lisilotarajiwa, shilingi 3,000. Jumla ni zile zile 60,000. Spika za nyuma hazikuwamo, wala wufa, kwa kuwa ngurumo yake ilifunika sauti ya mama. Karibu nusu ya gharama ya hom thieta, msomaji mpenzi, ilikwenda kwenye kitu ambacho hakiuzwi katika duka lolote la barabara ya Luthuli.

Nikakadiria na matumizi ya kila mwezi, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Chombo cha wati 60 kikiwashwa saa tatu kila siku kwa siku thelathini hutumia uniti 5.4 za umeme. Huo si mzigo mzito, lakini lisiloandikwa ndilo humfukarisha mja.

Kazi ilikamilika Juni 2018. Baba alianza kuingia sebuleni, kwanza kwa taarifa ya habari, kisha kwa tamthilia. Spika ya katikati tuliiweka usawa wa kichwa chake akiwa ameketi, na maneno yakamfikia bayana. Mama akawa msimulizi wake wa picha, akijua lini aseme na lini anyamaze. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi huandika kurasa nyingi kuhusu fanani na hadhira, nami nilikuwa nimeusahau uhusiano huo katika nyumba yetu wenyewe.

Kandanda ilikuwa na tatizo lake. Mtangazaji wa televisheni hutangaza kwa watu wanaoona, kwa hivyo huacha mengi. Husema jina la mchezaji, kisha hunyamaza. Mtangazaji wa redio hubeba uwanja mzima kwa ulimi. Baba akaniomba niizime sauti ya televisheni na kuiunganisha redio yake na amplifaya kwa waya. Waya huo niliununua kwa shilingi 150 kutoka katika ile akiba.

Tarehe 15 Julai 2018, saa kumi na mbili jioni, fainali ya Kombe la Dunia ilianza kati ya Ufaransa na Kroatia. Sebule ilijaa majirani hadi mlangoni. Picha ya kidijitali husafiri kwa mzunguko: hubanwa, hurushwa, hufunguliwa na king'amuzi, na hivyo huchelewa kwa sekunde kadhaa. Redio huwahi. Mpira ulipokuwa ungali hewani kiooni, baba aliruka kitini akapaza sauti, "Bao!" Wenye macho wakamtazama, kisha wakaitazama televisheni, kisha wavu ukatikisika.

Mabao sita yalifungwa siku ile, Ufaransa ikapata manne na Kroatia mawili, na yote sita baba aliyaona kabla yetu. Vijana walilalamika kuwa anawaharibia utamu. Mdogo wangu, yule aliyeuliza kipofu anahitaji sinema ya nini, akawa anamwangalia baba badala ya kioo ili ajue kitakachotokea. Katikati ya kelele hizo mlango ukalia nyuma. Baba akageuka na kusema, "Karibu ukae." Alikuwa jirani yetu, amechelewa. Akapata nafasi kando ya baba, akaketi.

Daftari lile ninalo hadi leo. Ukurasa wa makadirio ya kwanza nimeukunja nao wa pili nimeuacha wazi. Wanafunzi wangu wanapopokea mikopo yao na kunieleza wanachotamani kununua, siwakatazi, kwa maana mkatazwaji hakatazwi. Huwaomba tu waandike mstari wa kwanza kabla ya bei yoyote: nani atasikiliza, na ameketi wapi?