Kipindi cha Vitabu, Nyololo Njiapanda

Ukitoka Mafinga kwenda Makambako utapita Nyololo, pale barabara ya Mgololo inapochepuka kushoto. Malori hutokea huko yakiwa na shehena ya karatasi iliyotengenezwa kwa paini za Sao Hill. Karatasi hupita pale usiku na mchana, lakini kitabu cha hadithi sikuwahi kukiona kikiuzwa. Ni madaftari tu, na vitabu vichache vya shule.

Miaka ile niliendesha kipindi cha vitabu katika redio moja ya jamii, na sauti za wasikilizaji nilipenda kwenda kuzirekodi Nyololo. Nilikuwa na sababu. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Mkoa wa Iringa, aliuawa kijijini hapo akiwa kazini. Tangu siku hiyo, mwanahabari akisikia Nyololo humkumbuka yeye. Nilitaka watu wa pale waone kinasa sauti kikija na kwa jambo la heri.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi, nilimpa kipindi kizima. Hakuna aliyepiga simu. Wangeuliza nini, na riwaya zake zote zilikuwa kwa Kiingereza? Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nami nikaanza kuisimulia hewani kidogo kidogo, kama Deborah Mwenda alivyotusimulia sisi utotoni katika Mama na Mwana ya Radio Tanzania.

Humo kuna Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayeondoka na tajiri Aziz akidhani anafuatana na ndugu, kumbe baba yake amemtoa kwa sababu ya deni.

Nilipofika Njiapanda, ukungu wa Juni ukiwa haujainuka, mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma, ambaye husikiliza redio kwenye kitochi chake, hakuanza na “kamwene” kama kawaida.

“Mwanangu, yule mtoto alirudi kwao?”

Nikamwambia hatujafika huko. Akaniambia habari za binti yake, aliyechukuliwa baada ya darasa la saba kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, na aliyemchukua alijiita shangazi. Iringa na Njombe zimetoa mabinti wengi kwa kazi hiyo. Aishiye kando ya barabara ile amewaona wakipanda basi na mfuko mmoja. Vijana waliokuwa wakipakia viazi wakasogea. Mmoja wa bodaboda akamtetea baba wa Yusuf: deni humfikisha mtu pabaya. Mama akamkatalia, akasema deni la mkubwa halilipwi na mtoto. Wakabishana mpaka mahindi yakaungua. Nimekaa katika semina za fasihi chuoni, na sijasikia riwaya ikichukuliwa kwa uzito ule.

Baadaye kipindi kilikosa mdhamini, muda wake ukapewa muziki.

Ninyi wenye redio za wilaya, rudisheni nusu saa ya vitabu, jioni, watu wakishatoka shambani. Nawe mwandishi unayesema Watanzania hawasomi, panda basi la Mafinga na kitabu chako, omba kukisoma hewani, kisha shuka Njiapanda ukajibu maswali.