Kipupwe cha Mavuno

Mfasiri wa mashairi ya Ulaya hukutana mapema na ule msimu wa majani kupukutika na matunda kuingizwa ghalani. Kamusi humpa neno "vuli". Lakini kwetu visiwani vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba. Msomaji akilisikia neno hilo hutafuta mwavuli.

Maana ya msimu huo niliipata Mbeya na Iringa. Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja, Novemba hadi Mei. Zikishakatika, kipupwe huingia, na Mbeya, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huamka kwa baridi kali. Mahindi hukaukia shambani. Majani ya maboga hunyauka, na maboga yenyewe yakabaki yamelala wazi. Jioni watu husogea jikoni, kuufuata moto kabla ya chakula.

Boga huchemshwa na ganda lake, kwa chumvi kidogo, likaliwa kwa chai. Nikiwa Iringa niliomba nilipike kikwetu, kwa tui, sukari na iliki. Mama mwenyeji alionja, akacheka: "Mwanangu, hili la sikukuu. Letu la kila siku."

Raha ya kila siku ndiyo aisifuyo mshairi wa Ulaya: tunda lililovunwa jana, na baridi iliyofungiwa nje. Basi ninapoufasiri msimu huo, huandika "kipupwe cha mavuno". Mwenye neno bora zaidi na alilete. Lugha ni yetu sote.