Mimi Ndiye "Asiyejulikana Aliko"



Mnanijua kwa magauni. Hapa kisiwani nanunua magazeti ya zamani kwa kilo, nakatia paterni. Miaka yote nimepitisha mkasi kwenye matangazo ya mahakama bila kusoma hata moja. Mwaka juzi jina langu lilikuwa kwenye ukurasa kama huo.

Kwetu ni Newala. Marehemu mama alituachia shamba la mikorosho. Mtoto wa mjomba akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akidai ni lake. Akaapa kwamba sijulikani niliko, akaomba niitwe kwa gazeti. Dada zangu, namba yangu alikuwa nayo! Ndiyo aliyokuwa akinipigia kuomba hela ya salfa ya mikorosho hiyo hiyo.

Mwalimu mmoja aliliona tangazo, akamwambia mama mdogo, naye akanipigia zikiwa zimebaki siku nne. Gauni la mteja nikamwachia fundi mwenzangu, nikapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha basi. Mbele ya mwenyekiti nikasema, "Mimi ndiye asiyejulikana aliko." Nikaonesha kwenye simu miamala yote niliyomtumia. Binamu akainamisha kichwa. Tukasikilizwa pande zote, baadaye wazee wakatukalisha. Alhamdulillah, shamba limebaki kwa watoto wa mama.

Wito wa gazeti wenyewe si ubaya. Sheria imeuweka kwa ajili ya mtu aliyetafutwa kweli akakosekana, ili kesi isikwame. Ubaya ni kuufanya pazia la kumficha ndugu. Na uamuzi ukishatolewa bila wewe, usikae ukalia tu: kanuni za mabaraza haya za mwaka 2003 zinakupa siku 30 kuomba utenguliwe, ukieleza kwa nini hukufika.

Bibi harusi, wewe unayehama kumfuata mume ndiye rahisi kuitwa "hajulikani aliko". Kwenye sanduku la nguo weka na karatasi yenye mipaka ya shamba lenu na majina ya majirani. Waachie namba yako mama wadogo na ofisi ya kijiji. Mzazi akifariki, uliza mirathi imefunguliwa mahakama gani. Suratun Nisaa aya ya 7 imetutajia fungu letu wanawake, liwe dogo au kubwa. Kuliulizia si tamaa.

Na wewe unayefungua kesi, kama namba yake unayo, mpigie. Kiapo chako Allah anakisikia kabla ya hakimu.

Mimi magazeti bado nanunua kwa kilo. Ila siku hizi nasoma kwanza, ndipo nakata.