Kamera yetu ilipoanguka Kamalondo

Juma hili hatuwapeleki mbali. Safari yetu ilianzia kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya mji, ikaishia mbele ya ukuta wa matofali huko Katuba. Yote ilikuwa kwa ajili ya kamera moja.

Wengi wenu mnaijua. Ni ile tuliyoinunua kwa feza ya likelemba, dola 350, imekwisha kutumiwa na mwingine, pamoja na lenzi mbili: ile ndefu ya kuvuta karibu na kusogeza mbali, na ile fupi isiyovuta. Kwa foto za ndoa, za ubatizo na za wanafunzi wanaomaliza chuo, imelipa masomo ya watoto kadhaa wa chama. Siku ya posho tulikuwa na ndoa. Avansi ya dola 40 tulikwisha kuipokea na, tuseme ukweli, nusu yake ilikwisha kuliwa.

Siku ya tatu asubuhi tulikwenda kanisani kuangalia mwanga unaingia upande gani. Ni mwisho wa kiangazi; jakaranda zimeanza kutoa maua, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya majani. Tulipomaliza tukapanda teksi-basi kwenda Kamalondo, mtaa mkongwe ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Albert, na ambao leo vijana wanaujua zaidi kwa uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa 2011.

Binti yetu anayebeba kamera alikuwa ameutundika mkanda begani, si shingoni. Aliposhuka, mguu ukateleza kwenye changarawe. Yeye akaangukia goti, na kamera ikagonga ukingo wa saruji wa mfereji, lenzi ndefu ikitangulia. Sisi sote tukaikimbilia kamera. Mama aliyekuwa anauza vitumbua pale ndiye aliyemwinua mtoto na kumpangusa damu. Tunaliandika hili kwa sababu tuliona haya.

Watu wakajaa, kila mmoja na shauri lake. Kijana mmoja akasema tuiwashe tuone. Mwingine akataka kuitikisa sikioni kama yai. Tulikataa yote mawili. Kama kuna kitu kimetoka mahali pake ndani, umeme unaweza kukimaliza kabisa. Na kama kuna vipande vya kioo, kutikisa kutavipeleka kule visikotakiwa. Tulitoa batri, tukatoa na kadi, maana ndani yake mlikuwa foto za ubatizo wa juma lililopita ambazo wenyewe hawajapewa. Kisha tukaifunga kwenye kitenge tukatembea kwa miguu mpaka Katuba, kwa mwenyekiti wetu. Mjini kwetu ukichomoa kamera barabarani utaulizwa maswali, na hatukuwa na moyo wa kuyajibu siku ile.

Tukiwa njiani mmoja wetu alikumbusha kwamba mji huu una deni kwa foto. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya picha za viwanda vyetu vilivyochakaa, na kazi hiyo ikatembea dunia nzima. Yeye na wenzake ndio walioanzisha maonyesho makubwa ya Picha hapa mjini, 2008. Binti alisikiliza akichechemea, asitoe neno.

Kwa mwenyekiti tulitandika kitambaa cheupe mezani. Kile kioo cha ulinzi kinachofungwa mbele ya lenzi kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui. Hapo mkono unakimbilia kupangusa. Msipanguse! Unga wa kioo ndio unaokwangua lenzi yenyewe. Tuliigeuza lenzi iangalie chini, ili vipande vianguke kitambaani, tukakifungua polepole. Pete yake ilikuwa imebonyea na kukwama. Ilikubali pale mwenyekiti alipovaa gavu ya mpira ya kuoshea vyombo na kuishika ukingo wote sawasawa bila kuibana. Vumbi lililobaki tulilifukuza kwa ule mpira mdogo wa kusafishia pua za mtoto, mpya, si wa nyumbani. Kupuliza kwa mdomo ni kutia mate. Tukamulika kwa taa ya simu kutoka pembeni: lenzi haikuwa na mkwaruzo. Mmoja wetu alianza kuimba. Alikuwa amewahi mno.

Jirani, fundi wa simu, alikuja na bisibisi zake akitaka kuifungua kamera. Tulimshukuru tukamkataza. Kamera yenye flashi ndani huweka umeme mkali hata batri ikitolewa, na umeme ule huweza kumrusha mtu. Alitusaidia kwa macho tu: tulitoa lenzi, tukaangalia ile pete ya chuma inapokaa, kama imepinda, kama kuna skurubu iliyolegea. Ya kamera ilikuwa nzima. Pete ya lenzi ni ya plastiki. Haikuvunjika, lakini tulipoizungusha ile sehemu ya kuvutia, ilikwaruza kidogo katikati ya njia, kama mlango wenye mchanga.

Ndipo tukarudisha batri. Ikawaka. Wengi huishia hapo: imewaka, inatoa foto, Mungu asifiwe. Lakini kwenye kioo kidogo cha nyuma kila foto inaonekana safi. Aibu huja zikisafishwa kwa ukubwa wa ukutani.

Uani kwa mwenyekiti kuna ukuta wa matofali mekundu, yale ya udongo wa kichuguu tunayochoma huku kwetu, na mistari yake imenyooka. Tuliweka kamera juu ya meza, imeukabili ukuta kwa unyoofu, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, tukapiga. Kisha tukaikuza foto na kuangalia pembe zote nne. Upande wa kushoto ungeweza kuhesabu chembe za mchanga ndani ya matofali. Upande wa kulia matofali yalikuwa kama uji.

Mwenyekiti akasema labda meza imekaa vibaya. Hoja nzuri. Tuligeuza kamera juu chini, tukapiga tena. Kama kosa lingekuwa la meza, ukungu ungebaki kwenye matofali yale yale. Ulihama: sasa ulikuwa kwenye matofali ya upande wa pili, yaani uliifuata lenzi. Kioo kimoja ndani kilikuwa kimesogea kutoka katikati. Tukaweka lenzi fupi, ambayo wakati wa ajali ilikuwa mfukoni: pembe zote nne zilikuwa sawa. Tukapiga kwa mwendo wa kasi sana tukitafuta utepe mweusi kwenye foto, dalili kwamba lile pazia la ndani limeumia. Haukuwepo. Tukapiga foto hamsini mfululizo. Haikuzima hata mara moja. Kamera ilikuwa nzima. Lenzi ndefu ndiyo iliyoumia, ila tulipoifunga tundu lake mpaka namba 11, upande wa kulia ulirudi karibu kuwa safi. Maana yake: kwenye jua kali itafaa, ndani ya sali usiku haitafaa.

Hapo tulibishana mpaka bukari likapoa. Wengine walisema tunyamaze, nani atajua? Wengine waliogopa kurudisha avansi ambayo haipo. Mwisho tulikwenda wawili kwa mama wa bibi-arusi, siku ya nne jioni, tukiwa na zile foto mbili za ukuta kwenye simu. Aliziangalia kwa muda mrefu. Akauliza: «Na foto ya ukoo wote, mtaipiga na ipi?» Tukamwambia: na ile iliyoumia, lakini nje, jua likiwa bado juu. Akatupunguzia dola 10 na kuita jamaa wote wafike saa tisa badala ya saa kumi na moja.

Kuitengeneza lenzi kungetugharimu kuliko kununua nyingine ya mkono wa pili. Mama mmoja wetu anayefanya biashara Kasumbalesa ameahidi kututafutia. Likelemba ya mwezi ujao imekwisha kupata kazi.

Siku ya posho, saa tisa na nusu, watu thelathini na wanane walisimama chini ya mwembe, watoto mbele. Binti alikuwa na mkanda shingoni, ameuzungusha mara mbili, na bendeji gotini. Bibi-arusi tulimweka upande wa kushoto kidogo.